Kuunganisha Mifumo ya Kompyuta: Kazi Gani Iachiwe Mashine?

Mifumo ya kompyuta haizaliwi katika nyumba moja. Hospitali ya wilaya yaweza kununua programu ya kuandikisha wagonjwa kutoka kwa fundi mmoja, programu ya ghala la dawa kutoka kwa fundi mwingine, na programu ya mishahara ikawa ni ile iliyorithiwa kutoka ofisi iliyokuwapo miaka ishirini nyuma. Kila moja imeandikwa kwa lugha yake, imepanga kumbukumbu zake kwa namna yake, na hufanya kazi barabara ilimradi tu isitakiwe kusema na jirani yake. Siku inapotakiwa kusema ndipo shida inapoanza. Karani huonekana akisoma tarakimu katika kioo cha kompyuta moja na kuzipiga upya katika kompyuta ya pili, na mtambo ulioletwa kumpunguzia binadamu kazi huwa umemgeuza binadamu kuwa waya.

Dawa ya maradhi haya imetafutwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na inayopendwa kuliko zote ni kuiachia mashine yenyewe iandike kiungo baina ya mfumo na mfumo. Siku hizi dai hili limekuzwa zaidi. Husemwa kwamba, kwa kuwa programu za akili mnemba zaweza kuandika kiungo kwa dakika chache, hapana haja tena ya mwanafunzi kujishughulisha na yaliyomo ndani. Na aeleze anachotaka, mashine itamtimizia. Dai hilo ni nusu kweli, na nusu yake ya pili ndiyo ghali. Kazi ya kubadili umbo la data kutoka mfumo mmoja hadi mwingine yafaa kweli kuachiwa mashine, maana mashine huifanya upesi kuliko mtu na bila kuchoka. Lakini yapo mambo mawili ambayo haiwezi kuachiwa: maana ya data hiyo, na hesabu ya mara ngapi kiungo kivukwe. La kwanza likipuuzwa, mifumo huelewana vibaya. La pili likipuuzwa, mifumo huelewana vizuri lakini polepole mno, hata watumiaji wake wakarudi kwenye kalamu na daftari.

Inafaa kuanza na umbo, kwa kuwa hapo ndipo mashine inapostahili sifa. Kompyuta mbili zaweza kuhifadhi namba ileile kwa maumbo mawili tofauti. Namba hukatwa vipande viitwavyo baiti, kila baiti ikiwa na biti 8, na aghalabu namba nzima hupewa baiti 4. Je, vipande hivyo vifuatane vipi? Kompyuta za IBM za jamii ya System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilitanguliza kipande kikubwa, kama Mswahili anavyotanguliza makumi anaposema thelathini na tatu. Kompyuta za VAX za kampuni ya Digital, na prosesa za Intel zilizomo katika kompyuta nyingi za mezani hadi leo, hutanguliza kipande kidogo, kama Mwarabu anavyotanguliza mamoja na kusema tatu na thelathini. Hakuna aliyekosea. Hata hivyo, namba 1 ikiandikwa kwa utaratibu wa kwanza na kusomwa kwa utaratibu wa pili haibaki 1, husomwa 16,777,216. Aliyetumiwa shilingi moja kwa njia hiyo atashangilia, na mwenye benki atazimia. Mwaka 1980 mtaalamu mmoja wa Marekani, Danny Cohen, aliyapa makundi haya mawili majina ya watu wa kitabu cha Jonathan Swift waliopigana vita kwa ajili ya ncha ipi ya yai ipasuliwe kwanza. Mzaha ulikuwa wake, lakini majina yameshika, na mafundi huyatumia hadi leo bila kucheka.

Wapo wasemao: basi kila kitu kipelekwe kwa maandishi ya kawaida, ambayo kila kompyuta huyasoma. Rai hiyo ina nguvu. Utaratibu wa maandishi uitwao XML, uliopitishwa mwaka 1998, ulienea duniani kwa sababu hiyohiyo, na fundi anayetafuta kosa hufurahi kuona ujumbe anaoweza kuusoma kwa macho yake. Gharama yake ni ya kuhesabika. Namba 1234567890 huchukua baiti 4 ikiwa katika umbo la ndani la kompyuta. Ikiandikwa kwa maandishi huchukua baiti 10. Ikiwekewa alama za XML zenye jina «kiasi», ya kufungua yenye herufi na vitambulisho 7 na ya kufunga yenye 8, hufika baiti 25. Na bado kompyuta inayopokea ina kazi ya kuzidisha kwa kumi na kujumlisha, tarakimu baada ya tarakimu, kabla ya kuipata tena namba iliyoianza safari. Kwa shule inayopeleka majina ya watahiniwa mara moja kwa mwaka, gharama hii si kitu, na maandishi ndiyo chaguo la busara. Kwa mtambo unaopitisha miamala elfu nyingi kwa sekunde, ni gharama ya kununua mitambo zaidi.

Kuna na hesabu nyingine ambayo mwalimu wa hisabati ataitambua mara moja. Mifumo 2 huhitaji kiungo 1. Mifumo 4, kama kila mmoja utaunganishwa na kila mwingine, huhitaji viungo 6. Mifumo 10 huhitaji 45. Mifumo 20 huhitaji 190. Ni ile fomula ya n(n−1)/2 inayotumiwa kuhesabu kupeana mikono. Lakini ikiwa wote watakubaliana juu ya umbo moja la katikati, kila mfumo huhitaji mkalimani wake mmoja tu, na mifumo 20 hutosheka na wakalimani 20. Hapa ndipo haraka ya kujenga kiungo leo inapogeuka kuwa deni la kesho: kiungo cha pekee baina ya wawili daima ni chepesi kujengwa, na kila kimoja hufanya umbo la pamoja lionekane si la lazima kwa mwaka mmoja zaidi.

Afrika Mashariki imeyaona haya kwa fedha zake yenyewe. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na huduma za makampuni mengine zikafuata. Kwa miaka kadhaa fedha za mkoba wa kampuni moja hazikuingia moja kwa moja katika mkoba wa kampuni nyingine, na mfanyabiashara wa sokoni alitembea na kadi mbili au tatu za simu. Mwaka 2014 makampuni yaliyojulikana wakati huo kwa majina ya Airtel, Tigo na Zantel yalianza kuunganisha huduma zao nchini Tanzania. Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Maelewano hayo yalifungwa kampuni kwa kampuni, na baadaye Benki Kuu ya Tanzania ikajenga mfumo mmoja wa taifa wa malipo ya papo hapo, TIPS, ambamo mabenki na makampuni ya simu hukutana mahali pamoja. Kiungo cha namna hiyo hakianzi na waya. Huanza na maswali ambayo hakuna mashine inayoweza kuyajibu: ada ailipe nani, na fedha iliyotoka upande mmoja isifike upande wa pili ihesabiwe kuwa ya nani.

Wazo lenyewe la kuiachia mashine iandike kiungo lilipata umbo linalofahamika leo katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Andrew Birrell na Bruce Nelson waliieleza kazi yao katika makala ya mwaka 1984, na makala hiyo yafaa kusomwa na kila anayefundisha somo hili, kwa kuwa waandishi wake hawakuficha bei. Nia yao ilikuwa kwamba mwandishi wa programu aweze kuita kijiprogramu kilichomo katika kompyuta nyingine kwa sentensi ileile ambayo angeitumia kukiita kilichomo katika kompyuta yake. Huandikwa kwanza hati fupi: majina ya vijiprogramu, vitu vinavyoingia, vitu vinavyotoka, na aina ya kila kitu. Programu iliyoitwa Lupine iliisoma hati hiyo na kuandika yenyewe mawakala wawili. Wakala wa kwanza hukaa na mwitaji na kujifanya kwamba yeye ndiye kijiprogramu kinachotafutwa. Hupokea alichopewa, hukifunga katika bahasha na kukituma. Wakala wa pili hukaa ng'ambo, hufungua bahasha, hukiita kijiprogramu cha kweli, na kurudisha jibu kwa njia ileile. Mwitaji hajui kama aliyemjibu yumo chumba kimoja naye au yuko jengo la pili.

Kisha wakapima. Wito usiobeba kitu wala kurudisha kitu ulichukua karibu mikrosekunde 1,100, yaani karibu elfu moja na mia moja za sehemu ya milioni ya sekunde. Wito wa namna hiyohiyo ndani ya kompyuta moja ulichukua 9. Tofauti ni kama mara 120. La kushangaza zaidi ni kwamba katika zile 1,100, muda wa ishara kupita katika waya ulikuwa kama 130 tu. Sehemu kubwa ya muda iliyobaki ililiwa ndani ya kompyuta zenyewe, na programu zilizokuwa zikifunga, kufungua na kupokezana. Anayedhani kwamba mfumo wake ni wa polepole kwa sababu ya waya, na kwamba waya mpya utamponya, na aitazame hesabu hiyo kwa makini kabla hajatoa fedha.

Ikumbukwe kuwa mikrosekunde 1,100 ni baada ya juhudi. Birrell na Nelson walikataa kutumia taratibu za mawasiliano za jumla zilizokuwapo, wakatengeneza utaratibu wa pekee kwa ajili ya swali na jibu. Katika utaratibu wao, jibu lenyewe lilihesabiwa kuwa stakabadhi ya kwamba swali limepokewa, hata wito mfupi ukakamilika kwa vifurushi viwili tu. Uchumi huo haukutoka kwa Lupine. Lupine iliandika mawakala. Wenye akili ya kuona kwamba stakabadhi si lazima ipelekwe peke yake walikuwa watu.

Mwaka 1987 kampuni ya Sun ilitangaza umbo lake la pamoja, liitwalo XDR, lenye kuamuru kwamba kila namba isafiri ikiwa na kipande kikubwa mbele. Wapinzani walisema hiyo ni dhuluma kwa kompyuta zinazotanguliza kipande kidogo. Mbili za aina hiyo zikipelekeana data, ya kwanza hupindua vipande na ya pili hupindua tena: ni kama ndugu wawili wa Kipare wanaolazimishwa kuandikiana barua kwa Kifaransa, kila mmoja akimlipa mkalimani. Wao walitaka kila mtumaji atumie umbo lake mwenyewe akitaja ni lipi, na mpokeaji ndiye abadilishe ikiwa hapana budi. Hoja yao ni sahihi, na bado Sun walikuwa na haki zaidi. Kupindua baiti 4 ni kazi ya amri chache za kompyuta, nayo hupotea kabisa katika safari yenye mikrosekunde elfu moja. Wakati umbo moja lisilo na hiari hupunguza idadi ya njia ambazo fundi aweza kukosea. Hukumu hii hubadilika pale ambapo hakuna safari. Programu mbili zikiwa ndani ya kompyuta moja na kupeana namba milioni mia, kubadili umbo ndiko kunakokula muda wote, na hapo dawa bora ni kutobadili. Mradi uitwao Apache Arrow, ulioanza mwaka 2016, umefuata njia hiyo: umekubaliana mapema jinsi safu za data zitakavyolala katika kumbukumbu, ili programu za lugha mbalimbali zisome safu ileile mahali ilipolala bila kuinakili.

Sasa lile la kuvuka. Kwa kuwa wakala aliyeandikwa na mashine hufanya wito wa mbali ufanane na wito wa karibu, mwandishi wa programu hushawishika kuutumia kama wa karibu, na hapo ndipo mfumo hukwama. Mwanafunzi wa fizikia aweza kuihesabu hasara hii kwa kalamu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kwa mstari ulionyooka, na mkongo wa baharini haunyooki. Kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya sekunde 0.07, na hakuna fundi wala serikali itakayopunguza hapo. Ichukuliwe kwamba programu ya hospitali ya Dar es Salaam inataka majina ya wagonjwa 300, na kumbukumbu zake zimewekwa katika mtambo uliokodishwa London. Ikiuliza jina moja moja, ikisubiri jibu kabla ya kuuliza la pili, itachukua si chini ya sekunde 21. Ikiuliza yote 300 kwa wito mmoja, jibu laweza kufika kabla muuguzi hajainua kichwa. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano ya namna hii ilipitia setilaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, jumla kilomita 144,000, karibu nusu sekunde. Na majina yale 300 yangechukua zaidi ya dakika mbili.

Katika mifano yote miwili kiungo hakina kosa hata kidogo. Mashine imeandika mawakala barabara, kila namba imefika salama, na majaribio yaliyofanywa na fundi katika kompyuta moja ya mezani yalipita kwa kasi ya kupendeza. Kosa liko katika hati: iliruhusu kuuliza jina moja tu. Hati ingeandikwa tangu mwanzo kwamba swali laweza kubeba orodha, hasara isingekuwapo. Kasi ya mfumo uliounganishwa huamuliwa siku ya kuandika hati hiyo, kabla mashine haijaguswa.

Mwaka 1994 watafiti wanne wa maabara ya kampuni ya Sun, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, walitoa waraka wa kupinga desturi ya kuficha tofauti baina ya wito wa karibu na wa mbali. Muda ni sehemu tu ya hoja yao. Sehemu nzito zaidi ni kushindwa kwa upande mmoja. Ndani ya kompyuta moja, ikizimika, vyote vimezimika pamoja. Baina ya kompyuta mbili, swali laweza kufika, kazi ikafanyika, na jibu likapotea njiani. Aliyeuliza hana namna ya kujua kama kazi ilifanyika au la. Kila aliyewahi kutuma fedha kwa simu, akakatwa salio, asipate ujumbe, na asijue kama atume tena, ameonja maana ya waraka huo bila kuusoma. Dawa yake inajulikana: kila ombi lipewe namba yake ya pekee, ili likirudiwa, upande wa pili ulitambue na usilitekeleze mara mbili. Lakini namba hiyo haiwi na maana ila imeandikwa katika hati na pande zote mbili zimekubali kuiheshimu.

Lililobaki ni maana, na hapa hasara si ya muda tena. Tarehe 11 Desemba 1998 Marekani ilirusha chombo cha Mars Climate Orbiter kwenda kuizunguka sayari ya Mihiri. Njiani, injini zake ndogo ziliwashwa mara kwa mara kwa muda mfupi ili kukiweka sawa, na programu moja iliyokuwa hapa duniani ilikadiria nguvu ya kila msukumo. Matokeo yake yaliandikwa katika faili na kusomwa na programu nyingine, ya wanamaji wa angani waliokuwa wakihesabu njia ya chombo. Hati ya makubaliano ilisema namba ziwe katika nyutoni-sekunde. Programu ya kwanza ilizitoa katika ratili-sekunde, na ratili moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45. Kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa kuwa mdogo zaidi ya mara nne kuliko ulivyokuwa. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipita nyuma ya Mihiri na hakikusikika tena. Kilitazamiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari. Hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa kilipita kilomita 57, hali chini ya kilomita 80 hivi hakingeweza kusalimika.

Tukio hili husimuliwa sana madarasani kama kisa cha watu waliosahau kubadili vipimo. Fundisho lake ni kali kuliko hilo. Faili ilifika. Umbo lake lilikuwa sahihi. Kila namba ilikuwa namba halali, na hakuna mkalimani wa umbo, hata awe mwepesi namna gani, ambaye angeikataa. Hata hati ilikuwapo, na ilikuwa sahihi. Ila kipimo kilikuwa kimeandikwa mahali ambapo watu husoma na mashine haisomi. Ziko lugha za programu, kama F#, zinazomruhusu mwandishi kuambatisha kipimo kwenye namba yenyewe, na kompyuta hukataa kujumlisha mita na sekunde. Jambo hilo lingepaswa kuwa desturi katika hati za kuunganisha mifumo, na bado si desturi.

Wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda Mihiri kuona hatari hii. Mfumo mmoja wa hospitali ukiandika kwamba dawa itolewe saa 2 usiku, kwa hesabu ya saa ya Kiswahili, na mfumo wa pili ukaisoma kwa hesabu ya Kizungu, mgonjwa atapewa dawa yake saa sita baadaye. Namba 2 ni halali katika mifumo yote miwili. Neno «usiku» ni halali katika mifumo yote miwili. Hakuna kengele itakayolia. Utaratibu wa kimataifa wa kuandika tarehe na saa, ISO 8601, umekuwapo tangu mwaka 1988, nao huondoa utata huu kabisa. Lakini mtu hutafuta dawa pale tu anapojua kwamba anaumwa.

Ndiyo maana akili mnemba haibadilishi hukumu hii, ijapokuwa yafaa kushukuriwa kwa mengi. Ikipewa mifumo miwili, mmoja wenye safu iitwayo «uzito» na mwingine «uzito wa mtoto», itabahatisha kwamba ni kitu kimoja, na mara nyingi itapatia. Kubahatisha vizuri hakuwi makubaliano. Kliniki moja huandika 3.2 kwa kilo na nyingine 3200 kwa gramu kwa mtoto yuleyule. Mashine itaona tofauti hiyo kwa kuwa ni kubwa. Itaona tofauti baina ya uzito wa mtoto aliyevuliwa nguo na wa aliyevikwa? Hiyo imo vichwani mwa wauguzi wawili ambao hawajapata kuonana.

Hapo pana kazi kwa shule za sekondari, nayo haihitaji kompyuta hata moja. Mwalimu na agawe darasa makundi matatu. Kundi la kwanza liweke daftari la mvua ya kila siku kutoka kipimamvua cha shule. Kundi la pili liweke daftari la shamba la shule: siku ya kupanda, ya kupalilia, na ya kuvuna. Makundi haya mawili yakae mbalimbali, na yaandike kwa pamoja hati ya ukurasa mmoja kueleza kila moja litauliza nini kwa jingine na litajibiwaje. Kundi la tatu ni mawakala. Hao wapewe hati tu. Wapeleke vikaratasi vya maswali na majibu, wala wasiruhusiwe kumuuliza mtu chochote. Swali liwe hili: katika majuma manne ya kwanza baada ya kupanda, ilinyesha mvua kiasi gani? Mwalimu ahesabu ni safari ngapi wakala anafanya kukatiza darasa. Kwa kawaida ya watu, hati ya kwanza itauliza siku moja moja, na wakala atakwenda mara 28. Ndipo waambiwe waiandike hati upya ili safari ziwe mbili.

Watakapofika siku ambayo daftari la mvua halina kitu, zoezi litasimama. Je, hakukunyesha, au aliyepewa zamu ya kupima hakwenda? Aliyeandika anajua. Wakala hajui, na kwa amri aliyopewa hawezi kuuliza. Atajumlisha sifuri, au ataacha, na majibu mawili yatatofautiana. Mwalimu asimsaidie. Airudishe hati kwa makundi yote mawili, awaache wabishane mpaka wakubaliane alama moja ya «hakukunyesha» na nyingine ya «haikupimwa», kisha mawakala waanze tena kutoka siku ya kwanza.